Babu mkuu alikuwa askari wa Mfaransa: je, ni Mngazija au Msenegali?

Binti wa Ilala

Wanajamvi, salamu kwenu nyote. Naomba msaada wa wale wanaofahamu namna ya kutafuta kumbukumbu za askari waliotumikia jeshi la Mfaransa katika makoloni yake, kisha wakahamia nchi nyingine na kufia huko. Jambo hili limenikaa rohoni tangu shangazi yangu alipofariki mwezi wa Rajabu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho katika ukoo wetu aliyewahi kuketi na babu mkuu na kumsikia akizungumza kwa kinywa chake mwenyewe.

Babu mkuu ninayemtaja ni baba wa babu yangu mzaa baba. Alifika Unguja akiwa mtu mzima, akaoa, akaishi mtaa wa Malindi kwa kazi ya kushona kofia, na akafa miaka michache kabla ya Mapinduzi. Wanawe wawili walivuka bahari wakaja Dar es Salaam, na sisi wa Ilala ni kizazi cha mmoja wao. Jina lake la kwanza lilikuwa Yusuf. Jina la baba yake sitaliandika hapa hadharani, kwa kuwa wako ndugu wasiopenda, ila nitamtumia kwa siri yeyote atakayelihitaji ili anisaidie.

Wote tunakubaliana kwamba alipigana Vita Vikuu vya Kwanza upande wa Mfaransa. Tunapoachana ni kwenye asili yake. Upande wetu tumelelewa tukiambiwa ni Mngazija. Upande wa yule ndugu mwingine wanasema ni Msenegali, na wanayo karatasi wanayoitegemea. Binamu yangu aliwahi kumwonyesha karatasi hiyo mtu mmoja anayejitangaza kuwa mtafiti wa nasaba, akamlipa, na jibu alilopewa lilikuwa la maneno machache kuliko ada yenyewe: huyu ni Msenegali, hakuna la kuongeza. Tangu siku hiyo kuna watu wawili katika ukoo ambao hawapeani mkono msibani.

Jumapili iliyopita nilikubaliwa kuvishika vitu hivyo mikononi mwangu. Ni kopo la biskuti lenye kutu, ndani yake mna medali moja ya shaba na karatasi moja. Medali ina mwanamke mwenye mabawa upande mmoja. Upande wa pili mna herufi RF na maneno yaliyozunguka ukingo, LA GRANDE GUERRE POUR LA CIVILISATION 1914-1918. Utepe wake umefifia, lakini ukiugeuza nyuma bado unaona rangi za upinde wa mvua. Karatasi imekunjwa mara nne, mikunjo imekatika, na mchwa wameila kona ya juu kushoto, pale ambapo nadhani jina lilikuwa limeandikwa. Yanayosomeka ni haya: *1er B.T.S.*, neno *Majunga*, mwaka *1916*, maneno *né vers 1893*, na chini kabisa herufi *Mle* zikifuatiwa na tarakimu nne, ambazo mbili za katikati zimefunikwa na muhuri.

Ninauliza mambo mawili. B.T.S. ni kitu gani? Na je, kuna mahali ninapoweza kuandika barua ili nijue wazazi wake walikuwa nani na alitoka mji gani? Sitafuti urithi wala uraia. Nataka wanangu wajue jina la mama aliyemzaa.

Msomaji wa Upanga

Dada, pole sana kwa msiba wa shangazi. Kwa kawaida herufi B.T.S. katika nyaraka za jeshi la Ufaransa husimama badala ya *Bataillon de Tirailleurs Sénégalais*, yaani kikosi cha askari wa miguu wa Kisenegali. Jeshi hilo lilianzishwa mwaka 1857. Ila ndugu zako wasikimbilie kudai Dakar, kwa sababu jina hilo lilibaki tu kwa kuwa walianzia Senegali. Baadaye askari hao waliandikishwa kutoka Afrika Magharibi yote iliyokuwa chini ya Mfaransa, zikiwemo nchi tunazoziita leo Mali, Guinea, Burkina Faso na Benin. Kwa hiyo hata kama karatasi inasema Msenegali, haikwambii nchi.

Nakushauri uanze na tovuti ya Wizara ya Majeshi ya Ufaransa inayoitwa *Mémoire des hommes*. Andika jina lake utazame.

Mzee wa Jahazi

Binti, nimesoma swali lako mara mbili, na nakuomba usiwarudie ndugu zako kwanza kabla hujamaliza kunisoma. Ndugu yangu wa Upanga amesema kweli kuhusu Wasenegali, lakini ameipita ile karatasi harakaharaka. Herufi S haina mwenyewe mmoja. Kulikuwa pia na *Bataillon de Tirailleurs Somalis*, na kikosi cha kwanza chenye jina hilo hakikuundiwa Djibouti kama mtu angetarajia, bali Majunga, kaskazini-magharibi ya Madagaska, mwezi wa Mei 1916. Sasa soma tena ulichotuandikia: kikosi cha kwanza, B.T.S., Majunga, 1916. Mimi nisingeapa kwa karatasi iliyoliwa na mchwa, maana Wasenegali nao waliwahi kupelekwa Madagaska, lakini mambo hayo manne yakikutana mahali pamoja, mzigo wa kuthibitisha unamhamia anayesema Msenegali.

Utaniuliza, Mngazija anatafuta nini katika kikosi cha Wasomali? Jina la kikosi lilifuata kundi kubwa lililoandikishwa pwani ya Djibouti, lakini ndani yake walikuwemo watu wa makabila mengi, na Wangazija hawakukosekana. Kumbuka pia kwamba visiwa vya Komoro viliunganishwa na koloni la Madagaska kwa sheria ya mwaka 1912, hivyo kijana wa Ngazija aliyeandikishwa wakati wa vita alihesabiwa kuwa mtu wa Madagaska na vitongoji vyake. Koloni hilo lilitoa askari zaidi ya 40,000 katika vita hivyo. Wengine waliingia vikosi vya Kimalagasi, wengine wakawekwa kwenye mizinga mizito, wengine wakawa madereva na wauguzi. Kwa sababu hiyo, mtu anayetafuta sanduku lililoandikwa "Wangazija" katika nyaraka za Mfaransa anaweza kuzeeka bila kuliona.

Kikosi hicho kina historia inayojulikana vizuri. Tarehe 24 Oktoba 1916, kombania zake mbili zilikuwa pamoja na kikosi kiitwacho RICM, yaani askari wa miguu wa kikoloni wa Moroko, siku ngome ya Douaumont, karibu na mji wa Verdun, ilipokombolewa kutoka kwa Wajerumani, na sifa rasmi iliyotolewa kwa RICM inawataja Wasomali hao kwa jina. Sisemi babu yako alikuwapo siku ile. Ninasema kwamba kikosi chake, kama ni hicho, kinafuatika siku hadi siku, kwa kuwa vikosi vya Ufaransa vilikuwa na daftari la safari na mapigano lililoandikwa uwanjani, na madaftari ya vita hivyo yamepigwa picha na kuwekwa katika tovuti ileile aliyoitaja ndugu yetu.

Hapo pana tahadhari. Orodha kubwa ya majina iliyomo katika *Mémoire des hommes*, yenye kadi zaidi ya milioni moja na laki tatu za vita vile, ni ya waliokufa vitani. Babu yako alirudi salama akashona kofia Malindi. Ukiandika Yusuf humo utawaona marehemu wengi wenye jina hilo, na moyo wa mtu anayetafuta ni mwepisi kumkumbatia asiye wake. Nimeona ukoo mmoja hapa mjini ukisoma hitima kwa jina la mtu wa mbali kabisa kwa kosa hilohilo.

Medali nayo ina la kusema, ingawa ni kidogo. Hiyo ni Medali ya Ushindi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1922, nayo ilitolewa kwa aliyetumikia angalau miezi mitatu katika eneo la mapigano. Kwa hiyo, kama medali ni yake, hakuishia kambini. Lakini ninyi wa Dar es Salaam mmezoea medali za Mwingereza za vita hivyo, ambazo ukizigeuza ukingoni unakuta namba, jina na kikosi cha mwenyewe. Ya Mfaransa haikuandikwa jina. Haiwezi kumtambulisha mtu.

Kitakachomtambulisha ni hizo tarakimu nne. *Mle* ni kifupi cha *matricule*, namba ya askari katika daftari la uandikishaji, na kwa mtu wa koloni namba hiyo ina thamani kuliko jina, maana jina liliandikwa na karani aliyelisikia kwa sikio la Kifaransa. Chukua karatasi hiyo, iweke mezani, zima taa, kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, tochi ikiwa karibu kulala juu ya meza. Kalamu ya wino ilikuwa ikiacha mfereji kwenye karatasi, na mfereji hauzibwi na muhuri. Itazame na upande wa nyuma pia. Usiipake mafuta, usiipige pasi, wala mtu asiibandike gundi ya plastiki.

Kuhusu jina, andaa orodha ya namna zote linavyoweza kuandikwa kabla ya kutafuta. Mfaransa huandika *ou* panapo u yetu, *dj* panapo j, na *ch* panapo sh. Juma huwa Djouma, Musa huwa Moussa, Hamisi huwa Hamissi, Kombo huwa Combo. Yusuf wako utamkuta Youssouf, na mara nyingine Issouf. "Bin" huachwa. Jina la baba huweza kugeuzwa jina la ukoo, na mtu huyohuyo akaandikwa katika daftari la pili kwa mpangilio uliopinduka. Maneno *né vers 1893* yana maana ya kuzaliwa yapata mwaka 1893, yaani karani alimtazama usoni akakadiria. Usimkatae mtu katika daftari kwa sababu ameandikwa 1890 au 1896.

Mwisho, mahali pa kuandika. Wengi hukimbilia Vincennes, karibu na Paris, kwa kuwa ndiko kwenye makao ya idara ya historia ya ulinzi, lakini mafaili binafsi ya Vincennes ni ya maofisa zaidi. Askari wa kawaida umtafute kwenye kituo cha nyaraka za watumishi wa jeshi kilichoko Pau, kusini-magharibi ya Ufaransa. Nyaraka za utawala wa Madagaska na Komoro ziko Aix-en-Provence, katika hifadhi ya taifa ya makoloni. Andika kwa Kifaransa, barua fupi, utaje jina kwa namna zake zote, mwaka wa kukadiriwa, kikosi, Majunga, 1916 na namba. Usiwasimulie ugomvi wa ukoo.

Mama Mitsamihuli

Mwanangu, wa Jahazi amekupa njia ya Ulaya, mimi nikupe ya nyumbani, nayo kwa maoni yangu itafika kabla ya ile. Mimi ni mzaliwa wa Ngazija niliyeolewa Dar es Salaam zaidi ya miaka thelathini sasa, na nimekwisha kuwapokea wageni wengi wa aina yako, wanaokuja na jina la babu, la baba wa babu, na la babu wa babu, mfuatano mzuri wa wanaume watupu. Ukiuliza kwa mfuatano huo Ngazija, watakukaribisha uketi na kukunywesha chai, lakini hawataweza kukuambia wewe ni nani.

Kwetu ukoo, unaoitwa *inya*, unapitia kwa mama. Nyumba ni ya mwanamke, mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe, na iko ardhi inayoitwa *manyahuli* ambayo hurithiwa upande wa kike, mama kwa binti, vizazi na vizazi. Yusuf wenu hakuwa wa ukoo wa baba yake. Alikuwa wa ukoo wa mama yake na wa dada zake. Watoto aliowazaa Unguja kwa mwanamke asiye Mngazija hawakuwa na *inya* kule, na ndiyo maana kumbukumbu yenu imekatika. Lakini watoto wa dada yake wapo kama walipata uhai, na wao humkumbuka mjomba aliyepotelea bara, kwa sababu mjomba kwetu ni mtu mzito.

Kuna jambo jingine linalohusu askari waliotoka wangali vijana. Mwanamume wa Ngazija hahesabiwi kuwa mtu mzima katika mji wake mpaka afanye harusi kubwa. Asiyeifanya hubaki mwana wa mji hata akiwa na mvi, na jina lake halipandi katika majina ya wakubwa yanayotajwa mikutanoni. Kama babu yako aliondoka kwenda vitani akiwa na miaka ishirini na kitu, na baada ya hapo akalowea Unguja bila kurudi kuifanya, usitegemee wazee wa baraza kumjua. Waulize wanawake.

Kwa hiyo ninachohitaji kutoka kwako si jina la baba yake. Nitafutie mji. Je, katika nyumba yenu kuna mtu anayekumbuka alikuwa akituma mizigo wapi, au akimtaja nani kila alipoumwa? Neno moja tu, Ikoni, Ntsujini, Fumbuni, hata likiwa limepindapinda mdomoni mwa watoto. Ukilipata, pale Moroni kuna kituo cha taifa cha nyaraka na utafiti, CNDRS, na mimi nina watu wa kuwaomba wapite nyumba kwa nyumba.

Msomaji wa Upanga

Mzee wa Jahazi, nimesahihishwa na nimekubali. Neno Majunga nililipita kama jina la bandari tu, nikaishia kwenye herufi tatu nilizozizoea. Dada, niwie radhi; lile jibu langu la kwanza usimwonyeshe binamu yako bila haya yaliyofuata.

Naomba niongeze kipande cha Unguja, ambacho nakifahamu zaidi. Ufaransa ilikuwa na ubalozi mdogo Unguja tangu karne ya 19, na Ngazija, Nzwani na Mwali zilipowekwa chini ya ulinzi wake mwaka 1886, Wangazija waliokuwa wakiishi Unguja waliweza kujitambulisha pale kama watu walio chini ya Mfaransa. Kumbukumbu za balozi za Ufaransa zilizofungwa au kurudishwa hutunzwa Nantes. Hilo ni tofauti kabisa na Pau na Aix, na watu huzichanganya. Nantes hutakutana na vita vyake. Utakutana, kama bahati ipo, na maisha yake ya uhamishoni: kujiandikisha, ndoa, kuomba hati ya kusafiria.

Swali langu kwako ni hili: kuna yeyote anayekumbuka babu akienda ubalozini kuchukua fedha? Kuanzia mwaka 1930 Ufaransa iliweka malipo kwa askari waliokuwa na kadi ya mpiganaji, yakilipwa kila nusu mwaka. Kama alikuwa akipokea, basi namba yake na mji wake viliandikwa na mtu aliyelipwa kuviandika sawasawa. Na ukivuka kwenda Unguja, pita Nyaraka za Taifa pale Kilimani uulize mafaili ya mirathi ya miaka aliyofariki. Faili la mirathi huorodhesha warithi, na warithi huja na asili yao.

Binti wa Ilala

Wazazi wangu na ndugu zangu, zimepita wiki tano na nimeona si haki kukaa kimya.

Nilianza na tochi. Tulikaa mezani watu wanne, pamoja na binamu yangu, umeme ukiwa umezimwa kwa makusudi. Kwa juu muhuri ulituzuia kama mwanzo, lakini tulipoigeuza karatasi na kumulika ubavuni, tarakimu ya pili ilijitokeza kwa nyuma kama mshono: ni 7, ikiwa na kimstari katikati kama waandikavyo Wafaransa. Ya tatu bado tunabishana kati ya 1 na 4, na katika barua nimeziandika zote mbili. Pia pale penye S ya B.T.S. mfereji wa kalamu unaendelea. Baada ya S kuna o, na baada ya o kuna kitu kinachopanda na kushuka ambacho binamu yangu mwenyewe, si mimi, ndiye aliyekisoma kuwa ni m.

Kisha nikapanda boti kwenda Unguja. Mafaili ya mirathi Kilimani nimeyaomba na bado nasubiri. Lakini Malindi nilimkuta bibi mmoja aliyelelewa nyumba iliyokuwa ikitazamana na ya babu mkuu. Anasema mara mbili kwa mwaka alikuwa akivaa koti jeusi juu ya kanzu, anamshika mkono yeye akiwa mtoto, wanakwenda "kwa Balozi", na wakati wa kurudi ananunua halua, anaifungua pale pale barazani na kumpa kipande cha kwanza. Anasema pia kwamba kila pepo zilipogeuka na majahazi ya Ngazija kujiandaa kuondoka, babu alifunga mtumba wa vitambaa na kumkabidhi nahodha, na mtumba ule ulikuwa wa dada yake. Nilimuuliza dada alikuwa mji gani. Alifikiri muda mrefu, akasema alikuwa akilisikia kama "Suchini".

Mama Mitsamihuli, nimekutumia jina hilo kwa siri usiku huohuo na nimeona umejibu kwamba kwa sikio lako ni Ntsujini. Nakuombea heri na hao watu wako. Barua ya Pau nimeipeleka posta leo asubuhi, ya Nantes inamaliziwa kutafsiriwa, na kopo la biskuti kwa sasa liko kwangu Ilala kwa ridhaa ya pande zote mbili. Jibu lolote litakalokuja nitaliweka hapa.

Mama Mitsamihuli

Mwanangu, nimezungumza na Ntsujini jana. Wameniuliza swali moja ambalo sikuweza kulijibu, nami nalileta kwako: je, babu yenu alikuwa na kovu nyuma ya sikio la kushoto? Iko nyumba moja kule ambayo wanawake wake wanalitaja kovu hilo kila wanapomsimulia mjomba aliyekwenda kwa Mfaransa asirudi. Muulize yule bibi wa Malindi kabla hujamwambia kwa nini unauliza.